Namna ya Kuandika Historia ya Kiwanja Kidogo cha Ndege: Mfano wa Mbeya

Anayetaka kuandika historia ya kiwanja kidogo cha ndege aanze kwa kuuliza kwa nini ndege zilitua mahali hapo na si kwingineko, kwa sababu jibu la swali hilo ndilo litakalomwongoza kwenye nyaraka za kutafuta na watu wa kuwahoji. Mfano mzuri ni kiwanja cha zamani cha Mbeya, kilichomo ndani ya mji, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa lango la anga la Nyanda za Juu Kusini.

Mji wa Mbeya ulikua kutokana na dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya, na haukupata reli hadi TAZARA ilipojengwa katika miaka ya 1970. Shirika la Kiingereza la Imperial Airways lilipofikisha safari zake Cape Town mnamo Januari 1932, ndege za wakati ule hazikuweza kwenda mbali bila kujaza mafuta. Kwa hiyo baada ya Nairobi zilipitia Moshi, Dodoma na Mbeya kabla ya kuingia Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Mwaka 1937 shirika hilo lilihamishia safari zake kuu kwenye ndege zinazotua majini, ambazo zilifuata pwani kupitia Mombasa, Dar es Salaam na Lindi, na Mbeya ikaachwa nje ya njia kuu. Hatua hiyo isirukwe, maana bila kuieleza msomaji hataelewa jinsi kituo cha safari za mabara kilivyopoteza nafasi yake katika muda mfupi namna hiyo.

Kwa kipindi cha ukoloni, nenda Nyaraka za Taifa ukiwa na barua ya utambulisho, uombe majalada ya jimbo na vitabu vya wilaya. Tafuta pia ratiba za zamani za mashirika ya ndege, ambazo kwa maoni yangu hazithaminiwi inavyostahili: zinataja vituo, siku na saa. Hata hivyo, ratiba huonyesha kilichopangwa tu, na masika yanaweza kuharibu mpango wowote kwenye kiwanja cha udongo, kwa hiyo ilinganishe na barua na taarifa za wakati huo.

Picha zisizo na tarehe zinahitaji uvumilivu. Tazama mabawa, kisha hesabu injini. Ndege yenye mabawa ya ghorofa mbili na injini tatu yaelekea kuwa de Havilland Hercules ya miaka ya mwanzo ya safari hizo. Yenye bawa moja la juu na injini nne huenda ni Atalanta, iliyoanza kazi katika njia za Afrika mwaka 1933. Ukiona injini mbili, na mkia umeinama hadi chini, fikiria DC-3, iliyotumiwa na East African Airways baada ya Vita Kuu ya Pili. Shirika hilo lilianza mwaka 1946 na kufa mwaka 1977, na mwaka huohuo likaundwa Air Tanzania. Nyaraka za safari za ndege nazo zitafute kwa kufuata mabadiliko hayo ya mashirika.

Unapowahoji wazee, usiwabane kwa miaka. Baada ya shikamoo na mazungumzo ya kawaida, uliza kama jambo lilitokea kabla ya Uhuru, wakati reli inajengwa au wakati wa Vita vya Kagera, kisha uliza nani alifyeka nyasi, mafuta yalihifadhiwa wapi na abiria walisubiri chini ya paa gani. Fuatana na mtu anayejua Kisafwa au Kinyakyusa, kwa kuwa kumbukumbu za kazi husimuliwa vizuri zaidi kwa lugha ya nyumbani.

Kuwa mwangalifu na majina. Kiwanja kipya cha Songwe kilichoanza kutumika Desemba 2012 kimo mkoani Mbeya, ingawa mwaka 2016 uliundwa Mkoa wa Songwe wenye jina hilohilo. Eleza pia kwa nini kilihitajika: kiwanja cha zamani kiko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na ndege huhitaji kukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kuruka, ilhali nyumba za mji zimekizunguka. Kalipime eneo hilo kwa macho yako mwenyewe, lakini omba kibali kwa wasimamizi wake kabla ya kupiga picha yoyote.