Kabla hujazibua mitaro ya zamani kwenye shamba la miti, soma hii kwanza

Wadau wenye vishamba vya paini huku Mufindi na Njombe, hasa vile vya bondeni ambavyo wazee walichimba mitaro zamani na sasa imejaa majani na tope, naomba tuongee kabla hamjaita vibarua. Paini haipendi kukaa kwenye maji, mizizi inaoza, majani yanapauka, upepo ukija mti unalala. Ila mtaro uliozibuliwa ovyo nao ni hasara, tena kubwa.

Cha kwanza ujue maji yanaenda wapi, na hilo huwezi kulijua kiangazi. Pita shambani mwezi wa tatu au wa nne mvua ikiwa imekolea, angalia yanatuama wapi na yanakatiza wapi, chomeka vigingi hapohapo, maana nyasi zikishakauka kila sehemu inafanana. Kazi yenyewe weka Septemba na Oktoba, mvua za Novemba hazijaanza, tope limekuwa jepesi kubeba na kingo haziporomoki hovyo.

Sasa mdomo wa mtaro, pale maji yanapotokea, hapo ndo nakazia kabisa. Anzia chini upande juu. Ukianzia juu, mvua ya kwanza inasomba tope lote inalileta pale palipoziba na umerudi ulipokuwa, afu pesa ya vibarua imeshaenda. Na huko chini kuna mtu, mara nyingi ana vinyungu vyake, zile bustani za bondeni za kiangazi, vya maharage na mahindi mabichi na mwezi huo ndo vimestawi, kwahiyo nenda kaongee nae mapema, mkubaliane siku, usimfungulie maji ya mwaka mzima kwa asubuhi moja. Kama mtaro unapita kwenye kalvati ya barabara, mtendaji wa kijiji ajue. Kama unaishia mtoni, kumbuka Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inalinda mita 60 kutoka ukingoni, so ulizia kwanza Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji pale Iringa. Na kama ni chemchemi au kidimbwi cha asili, hicho sio mtaro, kiache.

Kina sasa. Tunarudisha mtaro ulivyokuwa, hatuchimbi mpya! Ukichimba utaona tope jeusi lenye majani linaisha, udongo unakuwa mgumu na rangi inabadilika, simama hapo. Ukizidisha kwenye udongo wetu huu, maji yanapata kasi na baada ya misimu michache una korongo. Mteremko wa sentimita 5 mpaka 10 kwa kila mita 10 unatosha, pima kwa mpira wa maji ule wa mafundi ujenzi, jicho linadanganya sana kwenye miteremko. Kingo zilale kidogo, zisisimame wima. Udongo unaotoa utupe mbali na ukingo, usiurundike kwenye mashina, na acha nafasi nafasi ili maji ya shambani yapate pa kuingilia mtaroni. Mizizi minene ya miti iliyo jirani usiikate, ndo inayoishikilia.

Vifaa ni vya kawaida, panga, fyekeo, jembe, sururu, chepe, toroli. Gambuti na glavu sio anasa jamani, nyoka wanalala humo kwenye majani, tanguliza fimbo ndefu kabla ya mkono. Na maji yaliyotuama yana mikojo ya panya, mnakumbuka homa ya mgunda ilivyotokea Ruangwa kule Lindi 2022, mwenye kidonda mguuni asiingie, na mtu akipata homa baada ya kazi aende hospitali aseme kabisa alikuwa kwenye maji machafu. Majani mliyofyeka msichome, Oktoba na miti ya paini, moto ukitoroka unachukua na ya jirani.

La mwisho ni hela. Vibarua wengi wanataka malipo kwa mita na hiyo ni sawa, ila mkubaliane upana na kina mapema, mbele ya mtu wa tatu, na malizia malipo ukishapita na mpira wa maji mtaro mzima. Afu bakiza kidogo ya kumwita mmoja wao mvua za kwanza zikinyesha, atoe matawi yaliyoangukia mtaroni kabla hayajakamata tope.