Kabla treni ya Alhamisi haijafika Wikipedia ya Kiswahili

MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia, hupata toleo jipya karibu kila wiki, na mafundi wake huuita mzunguko huo treni. Jumanne hupita kwenye wiki za majaribio na mediawiki.org. Jumatano hufika Commons (hifadhi ya picha), Wikidata (hifadhi ya data), Wikamusi yetu (kamusi ya Kiswahili) na Wikipedia chache, kama ya Kikatalani na ya Kiebrania. Alhamisi ni zamu ya Wikipedia zilizobaki, Kiingereza na Kiswahili siku moja. Ikionekana hitilafu kubwa njiani, treni husimamishwa au kurudishwa nyuma.

Basi kwa mkabidhi (admin wa wiki), au yeyote anayetunza vigezo (templates) na skripti, siku ya kazi ni Jumatano. Ingia Wikamusi, hariri neno moja, hakiki kabla ya kuhifadhi, pakia ukurasa wenye jedwali refu. Ukingoja Alhamisi jioni umechelewa, maana Ijumaa kwa kawaida hawagusi kitu ila dharura, na kosa dogo litakaa hadi Jumatatu.

Kabla ya hapo soma Tech News, jarida la habari za kiufundi za Wikimedia linalotoka Jumatatu. Tafuta hasa habari za kazi (functions) za JavaScript zinazoondolewa au majina ya klasi (classes) za HTML yanayobadilishwa. Hapo ndipo wiki ndogo huumia: skripti ilinakiliwa zamani kutoka Wikipedia ya Kiingereza, kule wameshairekebisha, huku aliyeileta hahariri tena. Ni vyema mjue mapema nani ana haki ya kuhariri kurasa za namna hiyo, kwa sababu tangu 2018 ukabidhi peke yake hautoshi. Lazima uwe msimamizi wa kiolesura (interface administrator).

Malalamiko yakianza, ongeza ?safemode=1 mwishoni mwa anwani, mfano sw.wikipedia.org/wiki/Mwanzo?safemode=1. Hapo gajeti (nyongeza za hiari) na skripti zetu huzimwa. Tatizo likitoweka, kosa ni la nyumbani, msiwasumbue watu wa treni. Likibaki, nakili namba ya toleo yenye herufi wmf kutoka ukurasa maalumu wa toleo (Special:Version), kisha fungua taarifa Phabricator, tovuti ya kuripoti hitilafu: ulibonyeza nini, ukaona nini, unatumia mwonekano (skin) upi. “Wiki haifanyi kazi” haimsaidii mtu.

Kitufe kipya kikitokea kwa Kiingereza, hiyo si hitilafu. Tafsiri yake inasubiri mtu translatewiki.net, tovuti ya kutafsiri maneno ya MediaWiki.