Maji ya bandani: anza na koleo, kibali kifuate

Mwezi wa nne, mvua ikishika usiku, harufu hubadilika mabondeni Kinyerezi, Dar es Salaam. Wenye vyoo wanatapisha, wenye mabanda ya nguruwe wanazibua mitaro. Kufika asubuhi mto umeshabeba vyote, na jirani wa chini anachota maji hayo hayo kumwagilia matembele. Mto wenyewe ni Msimbazi: unashuka kutoka vilima vya Pugu, unapita Vingunguti na Jangwani, unaingia baharini pale daraja la Salender. Njia nzima hiyo kuna watu na bustani.

Mfugaji wa nguruwe wanane atakwambia yeye ni mdogo, waulizwe wenye viwanda. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya 2009, haisemi hivyo. Majitaka ya kilimo yametajwa sawa na ya kiwanda na ya biashara: ukiyaelekeza mtoni au ardhini, unatakiwa uwe na kibali cha kutiririsha majitaka kutoka bodi ya maji ya bonde. Sisi wa Dar es Salaam tuko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Angalia hilo neno "ardhini". Wengi huchimba shimo la kunywea, la maji kuzama ardhini, wakadhani wamemaliza, na mchanga wetu huu hunywesha upesi kweli, ila kinachonywewa kinakwenda kwenye kisima cha mtu. (Kama unaunganisha kwenye bomba la majitaka, hapo unazungumza na DAWASA, mamlaka ya majisafi na majitaka ya jiji. Na kama mtaa wako unaruhusu nguruwe au hauruhusu, hilo kaulize manispaa. Mimi naongelea maji tu.)

Kabla hujakimbilia fomu, pima maji yako. Hakuna mtambo unaohitajika. Chukua ndoo ya lita 20, weka mpira, tazama saa. Mama mmoja tuliyepima naye, ndoo ilijaa kwa sekunde 80, yaani lita 15 kwa dakika. Alikuwa akiosha dakika 40, asubuhi na jioni: lita 1,200 kwa siku, zote zikiwa na kinyesi. Alishangaa mwenyewe, maana bili alikuwa akiilaumu mita.

Tulichobadilisha ni mpangilio wa kazi. Kinyesi kikaanza kukwanguliwa kikavu kwa koleo, kikapelekwa kwenye lundo la mboji lililoezekwa bati, ndipo mpira ukafunguliwa. Kuosha kukashuka hadi dakika 12. Hizo ni lita 360 kwa siku badala ya 1,200, na maji yenyewe si uji tena. Akaweka na mfereji wa bati kwenye paa ili maji ya mvua yapite pembeni. Watu hulidharau hili la paa, lakini masika banda lisilo na mfereji hujaza shimo kwa usiku mmoja.

Maji yaliyobaki yaingie kwenye karo la vyumba viwili lililosakafiwa vizuri, tope litulie chumba cha kwanza, kisha yatoke taratibu kwenda kwenye mabingobingo. Usiyamwage kwenye mchicha, wala kwenye mboga yoyote inayoliwa mbichi. Shamba hilo la majani liwe mbali na mto: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingoni, na mabanda mengi ninayoyatembelea yamo humo humo. Mwenye banda la hivyo afikirie kuhama kabla ya kufikiria kibali.

Viwango vya kitaifa vya maji yanayotolewa ni vikali. Oksijeni inayohitajika kuozesha uchafu, ile maabara wanayoiita BOD, isizidi miligramu 30 kwa lita. Maji ya kuoshea banda lisilokwanguliwa hufika maelfu. Kuyachanganya na maji ya bomba ili yaonekane mepesi ni kujidanganya, mzigo unaofika mtoni ni ule ule. Sampuli ichukuliwe na mtu wa maabara, iwekwe kwenye barafu, nawe uwe na subira, kipimo hicho peke yake huchukua siku 5.

Ukienda bodini, beba mchoro wa eneo hata kama umechora kwa mkono: banda, karo, mahali maji yanapotokea, kisima kilicho karibu, mto. Beba na hesabu yako ya lita. Kibali kikitoka, kisome. Kitataja mahali pa kutolea, kiasi na ubora wa maji. Karo litolewe tope mwezi wa pili, kabla masika hayajaanza. Na ukitaka kupanda kutoka nguruwe wanane hadi ishirini, rudi bodini kabla hujaleta tofali, maana kiasi kilichoandikwa pale ni cha wanane.