Kufuma na kushona ukiwa na kazi, watoto na foleni: usisubiri Jumamosi tupu

Wadada (na wakaka pia, maana siku hizi mnafuma na mnafuma vizuri kweli), swali ambalo kila anayependa uzi na kitambaa anaulizwa ni "wewe muda unautoa wapi?" Mtu anatoka kazini saa 11 jioni, foleni ya Dar mnaijua, anaingia nyumbani saa 1 na nusu, kuna kupika, kuna madaftari ya mtoto ya kukagua, kuna nguo za kuanika, na pale kwenye kona ya kabati kuna kitenge kipo kwenye mfuko wa dukani tangu kinunuliwe. Mimi jibu langu ni moja tu na nitalieleza kwa urefu: hiyo Jumamosi tupu unayoisubiri haiji, itakuwa na msiba, itakuwa na kitchen party, itakuwa na wageni. Kazi ndo unaikata iwe vipande vidogo mpaka ienee kwenye muda ulionao.

Kwanza kabisa tenganisha kufuma na kushona, maana watu wanaziweka kapu moja halafu zote zinakwama. Kufuma kunatembea, kushona kunakaa. Kufuma unaweza kukuacha katikati mtoto akilia na ukarudi ukakuta pale pale, kushona kunataka cherehani, mwanga, pasi, nafasi ya kutandaza kitambaa na akili iliyotulia hasa ukifika kwenye shingo na zipu. Kwahiyo vile vipande vipande vya muda, kusubiri zahanati, kusubiri kikao cha wazazi kianze (kinaitwa saa 3 kinaanza saa 4), kukaa kwenye daladala imesimama kama imepaki, kusubiri maharage yaive, vyote hivyo ni vya kufuma. Muda wa kukaa nyumbani mchana hata kama ni nusu saa, huo ni wa cherehani, usiutumie kufuma.

Kwa njiani chukua kroshia (ile sindano moja yenye ndoano) badala ya sindano mbili. Kwenye kroshia kitanzi kilicho hai ni kimoja tu, mtu akikusukuma ukavuta vibaya unapoteza mishono michache unarudishia, lakini kwenye sindano mbili una mishono labda themanini imekaa juu ya sindano, ikichomoka hiyo ukiwa Buguruni utafika Gongo la Mboto bado unaokota. Ukikaribia kushuka vuta kitanzi kiwe kirefu kidogo chomeka pini ya kufunga, tia mkobani, basi. Na kama umesimama, iwe daladala iwe mwendokasi, acha ibaki mkobani kwa usalama wa wenzio.

Sasa kitu cha kufuma njiani ndo cha kuchagua vizuri. Usibebe shuka la kitanda. Beba kitu chenye vipande vidogo vinavyoisha, mfano vile vitambaa vya makochi na meza vya maua ambavyo mama zetu walikuwa wanafuma, wengi walijifunzia bwenini huko sekondari. Ua moja linaisha kwa kukaa mara moja, unakata uzi unaliweka kwenye mfuko, kesho lingine, na kuyaunganisha yote inakuja mwisho kabisa ukiwa nyumbani umekaa. Raha yake ni kwamba hata wiki ikiwa mbaya ukafuma mawili tu, mawili yameisha kabisa, hakuna kilichoning'inia. Kofia ya mtoto mchanga nayo ni nzuri, gramu 50 za uzi kwa kawaida zinatosha na kazi yote inaingia kwenye mkoba mdogo.

Na hapa lazima niwataje akina mama wa Zanzibar na Lamu wanaoshona kofia za mkono, maana hawa ndo walimu wa hili jambo na sioni tukiwapa heshima yao. Ichukue kofia moja uitazame kwa karibu. Kitambaa kimechorwa mapambo, kikatobolewa vitundu vidogo vidogo, na kila kitundu kimezungushiwa uzi kwa sindano mpaka kikakaa imara, halafu kinachofuata, halafu kinachofuata, mamia ya vitundu. Duara la juu linashonwa peke yake, mkanda wa pembeni peke yake, vinaungwa mwisho. Kofia moja nzuri inaweza kula miezi na aliyeishona hakufungiwa chumbani miezi hiyo yote, amepika, amelea, amefua, amekwenda shughuli za watu, na alasiri akikaa kibarazani na wenzake kazi ipo mapajani. Anashona vitundu kadhaa, adhana ikilia anakunja. Kile kitundu kimoja ndo kipimo chake cha kazi. Na wewe kwenye kila unachofanya jiulize kitundu chako ni kipi, yaani sehemu gani ndogo kabisa ambayo ukiimaliza unaweza kukunja kazi bila kuharibu kitu.

Kwenye kushona kitundu hicho ni hatua. Watu wengi wanataka wakate, washone, wapige pasi na wavae siku hiyo hiyo, ndo maana inaonekana kazi kubwa. Mimi naigawa hivi. Siku ya kufua nguo za nyumbani kitenge kipya nacho kinaingia majini, hii usiiruke maana kitenge kinakuja na wanga mwingi na cha pamba kinaweza kuruka kikifuliwa, ukishona kabla ya kufua gauni litakubana baadae. Kikikauka kinapigwa pasi pamoja na sare za shule. Siku nyingine ni ya kukata tu, na ukikata usikate kimoja, ukishatandaza kwenye meza au sakafuni na chaki na tepu vipo mkononi basi kata vitu viwili vitatu kwa pamoja, pisi ya yadi 6 inatoa gauni na vitu vya watoto, kwahiyo malizana nayo yote. Kila nguo iwe na mfuko wake: vipande vyake, uzi wa rangi yake, zipu au lastiki yake, vifungo vyake. Mfuko ukikosa kitu kimoja kiandike hapo hapo kwenye simu ili ukipita Kariakoo ununue, maana kinachoua kazi nyingi ni zipu ya inchi 8 ambayo haipo siku umepata muda.

Baada ya hapo cherehani inakuwa rahisi sana. Dakika 20 kabla watoto hawajarudi madrasa unaunga pembeni za sketi mbili, unafunika. Kesho yake kiuno cha lastiki. Kesho kutwa pindo, na pindo silipigi kwenye cherehani hata kama ingekuwa haraka zaidi, napiga kwa mkono wakati wa taarifa ya habari saa 2 usiku, linakaa vizuri na halionekani nje. Panga nguo kwa rangi ya uzi, zote za uzi mweusi kwanza kisha ndo ubadilishe, na jaza bobini (vile vigurudumu vya uzi wa chini) kadhaa mapema nyeusi, nyeupe na rangi unayotumia sana, hakuna kinachokera kama bobini kuisha katikati ya mkono wa gauni halafu dakika zako ndo zinakwisha. Sindano ya namba 14 inafaa kitenge cha kawaida, jinzi iwe 16, kitambaa chepesi kama hariri 11. Na badilisha sindano jamani, msisubiri ivunjike, sindano butu inaruka mishono mnaanza kumlaumu fundi aliyetengeneza cherehani.

Kama umepanga chumba na ukuta ni mmoja na jirani basi cherehani mwisho saa 3 usiku, baada ya hapo ni kazi za mkono: kupiga bandi (mishono ya kushikiza kwa muda), vifungo, pindo, kufumua kwa wembe palipokosewa. Nguo nyeusi na bluu ya giza msizishone usiku kabisa, macho yanaumia na utaamka ukute mstari umekwenda kama nyoka. Kuhusu umeme kukatika, hapa cherehani ya mguu bado ni mfalme, kama bibi yako anayo Singer au Butterfly imekaa tu chumba cha nyuma omba uipeleke kwa fundi ikapakwe mafuta na kubadilishiwa mkanda, hiyo haijui umeme upo au haupo, na kwa nguo za kawaida hutakosa kitu.

Jambo ambalo naliona dogo kwa watu na ni kubwa mno: kila ukiacha kazi andika umeishia wapi. Kikaratasi kimoja kimechomekwa na pini, "mstari wa 14, sindano namba 4, kesho napunguza kwapa" au "mabega tayari, bado shingo". Ukirudi baada ya siku nne na kichwa kimejaa mambo ya ofisini unasoma unaendelea, bila hivyo dakika 15 za kwanza zinaishia kwenye kuhesabu na kujiuliza. Na acha kazi mahali pepesi. Usiache kwenye ugumu, sogea kidogo mpaka hatua inayofuata iwe rahisi, maana ugumu ndo unaokufanya uupite ule mfuko kila siku unajifanya huuoni. Kwa wanaofuma michoro yenye mahesabu, pitisha uzi wa rangi nyingine kwenye mishono yote ya mstari ambao una uhakika uko sawa, ukiharibu huko mbele unafumua mpaka pale kwenye uzi na mishono yako inakusubiri salama.

Watoto. Wadogo wa kutambaa na pini havikai chumba kimoja, hilo halina mjadala, kwahiyo pini zihesabiwe zikitoka na zihesabiwe zikirudi, pitisha sumaku sakafuni, cherehani chomoa kwenye umeme hata kama unaenda kugeuza ugali tu. Wakubwa kuanzia miaka saba nane wape kazi, mmoja azungushe uzi uwe donge, mwingine apange vifungo kwa rangi, mfundishe mnyororo wa kroshia, wanakaa kimya nusu saa nzima wanafuma. Mume au wenzako wa nyumbani nao waambie wazi, "saa moja ya Jumapili mchana niko kwenye cherehani", itamkwe ijulikane kama inavyojulikana saa ya mpira. Ukijificha nayo utaitwa kila dakika.

Halafu kuna ndugu na marafiki. Ukishajulikana unashona basi "mwaya na mimi nishonee" haziishi, shangazi anataka dera, jirani anataka kupunguziwa sketi, na kila harusi ina sare. Hapo ndo kitu unachokipenda kinageuka deni. Kataa kwa upole na mapema: "Dada yangu, mimi nashona polepole, ya kwako itakuchelewesha, mpelekee fundi wa pale sokoni." Shangazi yako usimkatalie, lakini mwambie tarehe ya mbali na uishike. Kazi ya pesa kama unaitaka ni sawa kabisa, ila iwe kazi yenye bei na siku zake, usiichanganye na ile saa yako ya Jumapili.

Pangeni pia na majira. Nguo za Idi zinakatwa kabla Ramadhani haijaanza, maana mwezi wenyewe jioni ni ya futari na usiku ni wa tarawehe, utabaki na pindo na vifungo tu ambavyo vinawezekana mchana umekaa. Za Krismasi zianze Oktoba, Desemba mafundi wote wamejaa hata wa kukupigia ovaloki (mshono wa kufunga kingo zisichanike) humpati. Mliopo Njombe, Makete, Mbeya, Arusha, baridi lenu linakaza Juni mpaka Agosti, kwahiyo sweta lianze Februari, na kofia na soksi hata Aprili bado mnawahi. Usianze sweta la mtu mzima mwezi Juni, utalivaa joto limerudi.

Na mwili uutazame. Kila nusu saa inuka, nyoosha vidole, zungusha viganja, angalia mbali dirishani. Kiti cha cherehani kiwe na kimo cha kufanya usiiname, kama ni kifupi kunja kanga weka juu. Kifundo cha mkono kikianza kuuma acha kufuma siku kadhaa, shika kazi ya pasi na kukata.

Mwisho ile mifuko ya zamani. Itoe yote siku moja uitandaze kitandani. Nguo uliyokata na mwili umebadilika, vipande vikubwa vinatoa sketi ya binti au mto wa kochi, usikilazimishe. Kilichofumwa nusu na hukipendi tena, kifumue, uzi uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne kwa nyuzi ndogo, loweka maji ya uvuguvugu, ning'iniza kivulini na kitu kizito kidogo kwa chini ili mikunjo inyooke, ukikauka unazungusha donge upya. Uzi wa akriliki, ambao ndo tunaouziwa wengi wetu, usiupige pasi ya moto kuunyoosha, unalegea na kung'aa na haurudi tena. Kinachobaki kwenye mifuko kiwe viwili tu, kimoja cha mkobani na kimoja cha kwenye cherehani, na kingine hakikatwi wala hakianzwi mpaka mmojawapo uishe.