Cheltenham: paundi kumi ya E/W ni paundi ishirini

Tamasha la Cheltenham, Uingereza, la farasi wa kuruka viunzi ni siku 4 za Machi, Jumanne hadi Ijumaa, mbio 28. Treni hutoka stesheni ya Paddington, London, safari ya kama saa mbili. Tiketi inunuliwe mapema kwa Jockey Club, wenye uwanja, si kwa mtu getini.

Balaa liko kwenye dau. Ukitamka "paundi 10, E/W" (each-way), umeweka madau mawili: 10 farasi wako ashinde, 10 apate nafasi, yaani amalize kati ya wa mbele. Bukmeka, mpokea madau, anachukua 20. Na dau la nafasi halilipwi odi kamili: mbio isiyo handikapu (ile ambayo farasi bora hubebeshwa uzito zaidi), ikiwa na farasi 8 au zaidi, kwa kawaida hulipa sehemu moja ya tano ya odi, hadi farasi wa tatu. Piga hesabu. Odi 4/1 (faida ya paundi 4 kwa kila 1), farasi wako wa tatu: dau la ushindi limekufa, la nafasi linaleta 8 pamoja na 10 zako. Jumla 18. Umeruka kwa furaha na umepoteza paundi 2! Kwa 5/1 unarudishiwa 20 zako tu. Kwa 10/1 unapata 30. Kwa hiyo: chini ya 5/1, usiandike E/W. Wakikimbia 5 hadi 7, nafasi ni 2 tu. Chini ya 5, nafasi hakuna.

Mtego wa pili ni kubeti wiki kadhaa kabla, odi zikiwa nono. Farasi mmoja huandikishwa mbio mbili au tatu, kisha mwenye farasi anachagua moja. Asipokimbia ile uliyobetia, dau limekwenda. Tafuta herufi NRNB (Non-Runner No Bet): asipokimbia, pesa inarudi.

Na wewe shemeji wa Nairobi unayetuma "niwekee kidogo": akaunti ya kubeti ni ya mtu mmoja, si ya kubetia wengine. Ikifungwa, zinazozuiliwa ni pesa za aliyeko huku Uingereza. Tafadhali mwacheni.

Wenyeji huchukulia dau kama sehemu ya matembezi, na bia huanza mapema mno; kwa maoni yangu ndipo wageni wanapopotezwa. Ila ukelele wa umati Jumanne, mbio ya kwanza ikianza, unastahili safari. Ukiona pazia la kijani linazungushwa farasi aliyeanguka, nyamaza kama wenyeji.

Ijumaa ni Gold Cup: viunzi 22, na baada ya cha mwisho bado kuna mlima unaowavunja walioongoza. Usishangilie kwenye kiunzi cha mwisho, wala usitupe karatasi ya dau mpaka itangazwe kwamba wapanda farasi wamepimwa uzito. Malipo huanza hapo.