Dai la hataza ya kuhariri picha: kupima kama ni jambo la wazi kwa fundi

Hataza ni haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, na dai ni sentensi ya ombi inayosema anachotaka kilindwe. Kilicho wazi kwa fundi, yaani mjuzi wa fani hiyo, hakipewi hataza. Mfano wangu ni programu ya simu ya kijana mwenye studio Langoni, Lamu. Ombi lake lishawasilishwa, ndiyo maana nalieleza hadharani. La kwako lisipowasilishwa, funga mdomo. Programu inatambua uso wa mpita njia, inamfuta mtu mzima, inajaza pengo, na penye maji inafuta pia taswira yake majini.

Hatua ya 1: Livunje dai
Kila kipengele mstari wake, kwa penseli na karatasi. Kwenye kompyuta watu hunakili bila kusoma.

Hatua ya 2: Tafuta vilivyotangulia
Anza na Espacenet, hifadhi ya hataza mtandaoni, ni bure. Makala za kitaalamu pia zinahesabika, mradi zilitoka kabla ya tarehe ya ombi, au ya kipaumbele (yaani ya ombi la awali la uvumbuzi huohuo) kama kipo. Kutambua uso: makala ya Viola na Jones, 2001. Kujaza pengo kwa vipande vya picha ileile: Criminisi na wenzake, 2004.

Hatua ya 3: Fundi angeviunganisha kwa sababu gani?
Hapa ndipo kazi ilipo. Kuvipata vipengele vyote katika makala mbili hakutoshi kuliangusha dai. Sheria ya Mali ya Viwanda ya Kenya ya 2001 inauliza kama uvumbuzi ungekuwa wazi kwa mjuzi wa fani hiyo, siku ile ya ombi. Siku ile, si leo: ukishaliona jibu, kila fumbo jepesi. Kwa hiyo mimi huisoma makala ya zamani kwanza, dai nikiwa nimelifunika.

Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya KSR dhidi ya Teleflex ya 2007, ilikuwa na pedali ya gari inayorekebishika iliyofungwa kihisio cha elektroniki. Ilisema vitu vinavyojulikana vikiunganishwa, kila kimoja kikifanya kazi yake ileile na matokeo yakitabirika, huenda ni jambo la wazi. Si lazima sababu ya kuunganisha iwe imeandikwa mahali. Akili ya fundi inatosha, ila lazima uitaje. Hukumu hiyo haiifungi Kenya, lakini hoja yake inasaidia kupima.

Basi: uso unampata mtu, kujaza kunaziba pengo. Anayefuta watu kwa kidole angetamani simu imtafutie. Sehemu hiyo sioni ikipona.

Taswira ni habari nyingine. Mfute mtu aliyesimama ukingoni mwa jahazi, na majini anabaki kichwa chini, amekatikakatika na mawimbi. Programu inapindua umbo lililofutwa kwenye mstari wa maji, kisha inalinyoosha kwa kadiri mawimbi yalivyo. Makala zile mbili hazigusi maji. Usiseme tu “fundi angeweza”, onyesha kilichomsukuma.

Hatua ya 4: Libane dai, yaani lipunguzie upana
Taswira iingie dai la kwanza, ikiwa tu ilielezwa kwenye ombi la awali, jipya haliongezwi. Kisha rudi hatua ya 2 utafute upya, safari hii ufutaji wa taswira kwenye vioo na maji.