Ndege wa kaskazini pale Nyumba ya Mungu: wawahi kabla bwawa halijajaa

Mimi ni mchuuzi wa perege, mwalo wangu ni Lang'ata, kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, wilaya ya Mwanga, Kilimanjaro. Kusubiri mitumbwi alfajiri ndiko kulikonifundisha ndege.

Ukitaka kuwaona wageni wa kaskazini wakijiandaa kurudi kwao, njoo kati ya mwisho wa Machi na katikati ya Aprili. Desemba nao wapo, ila wengi wana rangi ya kijivu tu, utachanganyikiwa bure. Upande wetu wa Mwanga njoo asubuhi, jua liwe mgongoni. Ukiwa ng'ambo, Simanjiro, ngoja jioni.

Achana na maji ya katikati. Tazama ukingo wa tope, pale maji yanapofika kifundo cha mguu. Huko ndiko waliko vitwitwi, ndege wadogo wanaotafuta chakula topeni, na jamaa zao. Yule mdogo mwenye ukubwa wa shomoro na miguu myeusi hudonoa tope kama sindano ya cherehani. Anayetembea peke yake huku akitikisa mkia, mwangalie begani: weupe wa tumbo umepanda mbele ya bawa. Ninayempenda kuliko wote ana mdomo mrefu uliopinda chini. Aprili tumbo lake huanza kuwa jekundu la matofali, na safari yake ni ya Siberia.

Halafu inua macho kwenye nyaya za umeme. Mbayuwayu mwenye koo jekundu na mkanda mweusi kifuani ni mgeni. Mwenye koo jeupe na utosi wa rangi ya kutu ni mwenyeji, huyo hasafiri kwenda Ulaya.

Usiwasogelee. Wanakula ili wapate mafuta ya safari, na kila ukiwarusha unawapotezea. Wakiacha kudonoa na wakainua vichwa, simama hapo hapo. Kwenye matete usiingie kabisa, kuna mamba. Waulize wavuvi pa kupita.

Andika tarehe, saa, mahali, idadi na hali ya maji. Kundi likiwa kubwa, hesabu kumi, kisha kadiria kumi ngapi. Ukiwa na simu, ingiza kwenye eBird, programu ya kuweka kumbukumbu za ndege, ni bure. Usiyemtambua mwandike "sijamjua", usimbambikie jina.

Mito ya Kikuletwa na Ruvu inayojaza bwawa ikishaleta maji ya masika, tope huzama na ndege hutawanyika. Hapo panda daladala uende kwenye majaruba ya mpunga ya Mabogini, karibu na Moshi.